Bustani katika Vyombo Vikuukuu
Somo kwa watu wa Kolwezi na vijiji vya Lualaba

Wewe unayekaa Kolwezi mjini, au Musonoi, au Kapata, au Luilu, au katika kijiji cha kando ya barabara ya Likasi, somo hili ni lako. Tutajifunza namna ya kupanda mboga ndani ya vyombo vya nyumbani vilivyochakaa: ndoo iliyopasuka, beseni lililotoboka, bidoni ya mafuta ya kula, chungu kilichovunjika mdomo. Watu huvitupa vitu hivi nyuma ya nyumba, navyo hukaa huko vikikusanya maji na mbu. Lakini ndani ya kila kimoja mna bustani ndogo, ikiwa mtu anajua kazi yake.

Labda utasema: Mimi nina uwanja na jembe. Kwa nini nilime ndani ya ndoo kama mtoto anayecheza? Swali lako ni jema. Kama ungekaa mahali pengine, tungekuambia: Lima chini, maana ardhi ni pana kuliko ndoo. Lakini sisi wa hapa twakaa juu ya shaba. Soma kwanza habari ya ardhi yetu, kisha utaona sababu.

1. Ardhi yetu ilivyo

Zamani sana, kabla ya wageni kufika, wazee wa Basanga walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha wakati wa kiangazi, wakafanya misalaba ya shaba. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière iliundwa. Mwaka 1937 mji wa Kolwezi ulianza. Mwaka 1967 machimbo yakawa mali ya serikali, ndiyo Gécamines. Mwaka 2015 Kolwezi ukawa mji mkuu wa mkoa wa Lualaba. Siku hizi makampuni ni mengi, na wachimbaji wa mikono pia ni wengi, kwa sababu dunia yataka kobalti kwa ajili ya betri za simu na za magari.

Kilima chenye shaba nyingi hujulikana kwa macho. Hakina miti. Nyasi zake ni fupi. Hapo huota maua madogo ya zambarau ambayo wengine huyaita ua la shaba. Mti wa kawaida hauwezi kuishi hapo, maana shaba nyingi ni sumu kwa mizizi yake. Basi ujiulize: ikiwa mti mkubwa wa porini unashindwa, nyanya yako itafanyaje?

Tena shaba haikai peke yake. Katika mawe yetu mna kobalti, na mahali pengine, kama Musonoi, mna urani pia. Mawe yakivunjwa, vumbi lake huruka. Mvua ikinyesha juu ya vilima vya mabaki ya machimbo, maji huteremka na kuyachukua madini hata bondeni. Kwa hiyo sumu hufika bustanini kwa njia tatu: kwa vumbi, kwa maji, na kwa udongo wenyewe.

Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, waliona ya kuwa madini yapo chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba uani na hata ndani ya nyumba. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa habari ya uchunguzi wao. Waliwapima watu wa Kasulo na watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa. Waliona kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu ya watu wa Kasulo, na waliopatwa zaidi walikuwa watoto. Kwa nini watoto? Maana mtoto hucheza chini, hutia mkono kinywani, na mwili wake ni mdogo.

Hii ndiyo sababu ya somo letu. Mboga za majani huvuta madini kutoka katika udongo kuliko mboga za matunda, na majani yake mapana hushika vumbi. Nasi kila siku twala bukari na lengalenga, bukari na sombe, bukari na matembele. Mama aonaye majani mabichi sokoni hawezi kujua yalikotoka. Lakini akipanda mwenyewe, katika chombo kizuri, chenye udongo mzuri, kwa maji mazuri, anajua anachomlisha mtoto wake.

Shika neno hili: chombo, udongo na maji ni kama mafiga matatu. Ukiondoa moja, sufuria inaanguka. Chombo kizuri chenye udongo mbaya ni kazi bure. Udongo mzuri na maji ya machimbo ni kazi bure vilevile.

2. Vyombo vinavyofaa

Kwanza tazama nyumbani mwako. Vyombo hivi vyafaa:

Bidoni ya njano ya lita 20 iliyoleta mafuta ya kula. Hii ni bora kuliko vyote, maana ni nyepesi, haipati kutu, na twajua kilichokuwa ndani.

Ndoo na mabeseni ya plastiki ya kuogea au ya kufulia, yaliyopasuka au kutoboka.

Mikebe mikubwa ya maziwa ya unga, ya nyanya, au ya mafuta ya kula. Itapata kutu baada ya mwaka mmoja au miwili, lakini kwa muda huo itakulipa.

Vyungu na mitungi ya udongo iliyovunjika mdomo. Hivi hukauka upesi, kwa hiyo vyataka maji zaidi.

Magunia safi ya unga wa mahindi au ya mchele. Ukikunja mdomo wake mara mbili au tatu, gunia husimama vizuri, na linafaa kwa nyanya na viazi vitamu.

Masufuria mazito yaliyosubiwa na mafundi wa mtaani kwa vyuma vya kuokota, yatenge. Katika vyuma vile huenda mkawa na madini ya risasi, ambayo huharibu akili ya mtoto. Sufuria ya namna hiyo ikichakaa, panda ndani yake maua, wala si chakula.

3. Vyombo vilivyokatazwa

Sasa sikiliza vema, maana neno hili ni kubwa kuliko yote katika somo hili.

Hapa kwetu chombo kizuri kwa macho, kinene, chenye nguvu, chenye kifuniko chake, tena cha bei ndogo, ni pipa lililotoka machimboni. Watu hulipenda. Hulikata katikati wakapata vyombo viwili vya kupandia, au hulitumia kuwekea maji ya kunywa. Usifanye hivyo hata siku moja.

Kwa nini? Maana ili shaba na kobalti zitoke katika jiwe, viwanda hutumia dawa kali: asidi ya sulfuriki, zantati, metabisulfiti na nyingine. Dawa hizo huletwa katika mapipa, katika mabidoni na katika magunia. Plastiki hunywa dawa kama nguo inavyonywa mafuta. Utaosha kwa sabuni, utaosha kwa mchanga, harufu itakwisha, lakini dawa iliyoingia ndani ya plastiki itatoka polepole, siku kwa siku, ikiingia katika udongo wako na katika maji yako. Kukosa harufu si alama ya usafi.

Haya ndiyo yaliyokatazwa kwa chakula na kwa maji:

Pipa au bidoni yoyote iliyotoka machimboni au kiwandani, hata ikiwa imeoshwa.

Gunia lililobeba mawe ya shaba au ya kobalti. Vumbi lake limeshikamana na nyuzi. Wala usitie unga au mahindi ndani yake.

Chupa, mkebe au bidoni ya dawa ya kuulia wadudu au magugu. Hakuna namna ya kuisafisha nyumbani hata ikafaa.

Bidoni ya petroli, ya mazutu au ya mafuta ya injini. Tena pipa la petroli usilikate kwa moto, maana mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka na kuua.

Mkebe wa rangi ya kupakia nyumba au magari, na ganda la betri ya gari. Ndani ya betri mna risasi na asidi.

Ukitaka kununua chombo kikuukuu sokoni, uliza maswali matatu. Kimetoka wapi? Kilikuwa na kitu gani? Nani aliyekiona kitu hicho kwa macho yake? Muuzaji akijibu tu, "Nimekiosha, mama, usiogope," hajakujibu. Kukiosha si kukijua. Ikiwa hakuna anayejua kilichokuwa ndani, usipande chakula.

Na kama pipa la namna hiyo lipo tayari nyumbani kwako, nawe umelitumia kwa maji? Usikae na hofu wala aibu, bali liache leo. Litoboe chini kwa matundu mengi ili mtu asichotee maji tena, uliweke mbali na watoto. Usilichome, maana moshi wake ni sumu nyingine. Kisha waambie jirani zako, kwa kuwa labda nao wanalo.

4. Kuosha, kukata na kutoboa

Chombo kilichokuwa na mafuta ya kula kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, au kwa maji ya moto na majivu, kisha kisuuzwe mara tatu. Mafuta yakibaki, huoza na kuita sisimizi na panya.

Bidoni ya lita 20 hukatwa kwa namna mbili.

Namna ya kwanza: ilaze chini kwa ubavu wake mpana, ukate ubavu wa juu uondoke wote. Umepata kihori kipana chenye kina cha shibiri moja. Hiki ni cha mboga za majani na vitunguu.

Namna ya pili: isimamishe, ukate sehemu ya juu pamoja na mkono wake. Umepata ndoo ndefu. Hii ni ya nyanya, bilinganya au pilipili, mche mmoja tu kwa kila ndoo.

Ncha zilizokatwa huwa kali. Zisugue kwa jiwe ili zisikate mikono ya watoto.

Kisha toboa chini. Kwa bidoni moja fanya matundu sita hata manane, kila tundu unene wa kidole kidogo. Msumari uliopashwa moto hutoboa plastiki vizuri. Fanya kazi hii nje, usivute moshi wake. Chombo kisicho na tundu huua mmea, maana mizizi nayo yataka hewa. Maji yakisimama, mizizi huoza, majani huwa ya manjano, na mtu asiyejua huzidi kumwagilia kwa kudhani mmea una kiu.

Juu ya kila tundu weka kigae au kipande cha chandarua kikuukuu, ili udongo usitoke. Wengine hujaza kokoto nyingi chini. Hakuna haja, kokoto hula nafasi ya mizizi, wala haziondoi maji. Wala usitumie mawe ya kijani au meusi uliyookota njiani, maana huenda yakawa ndiyo madini yenyewe.

Mwisho, kiweke chombo juu ya matofali au mawe mawili, kisiguse ardhi. Hivyo maji hutoka vizuri, na mizizi haishuki kwenda kunywa katika udongo wa chini ambao tumeukimbia.

5. Udongo

Udongo usichote uani kwako ikiwa ua uko karibu na machimbo, na barabara ya malori, na duka la kununulia madini, au na mahali mawe yanapooshwa. Usichote chini ya kilima cha mabaki. Usichote bondeni palipofurika maji ya machimbo.

Usichote udongo uliotoka katika shimo refu, kama shimo jipya la choo au la kisima. Kumbuka Kasulo: madini yalikuwa chini, na jembe lenyewe ndilo lililoyaleta juu.

Na kichuguu je? Wengi hupenda udongo wa kichuguu, na ni kweli, mahali pengine ni udongo mzuri. Lakini mchwa huchimba chini sana na kupandisha udongo wa huko. Watafuta-madini wanalijua jambo hili, nao hupima udongo wa vichuguu ili wajue kilicho chini yake. Basi kichuguu kilicho karibu na shaba usikiguse. Kichuguu cha mbali, katika shamba linaloota mahindi mazuri, chafaa kwa kuchanganywa na mchanga, maana ni kizito.

Utachota wapi basi? Nenda kwenye shamba la zamani, mbali na machimbo, upande wa juu ambako mito haijayapitia, mahali ambapo miti mikubwa na mahindi huota vizuri. Chota tabaka la juu jeusi tu, kina cha shibiri moja. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, wala usichote pote mahali pamoja, usije ukamwachia mwenzako shimo.

Lakini jua neno hili: jicho halioni kila sumu. Miti kuota vizuri ni alama njema, si ushuhuda kamili. Kipimo cha kweli hufanywa na wataalamu. Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina watu wanaoichunguza kazi hii. Familia kumi zikichota udongo mahali pamoja, na zikachangia gharama ya kupima mara moja, kila mmoja atatoa kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Mchanganyiko ni huu: ndoo mbili za udongo mweusi, ndoo moja ya mbolea iliyooza, na ndoo moja ya mchanga safi. Mchanga nao usitoke katika mto unaopita machimboni. Tia konzi moja ya majivu ya kuni kwa kila ndoo. Majivu hupunguza uchungu wa udongo. Finyanga donge mkononi, kisha ulibonyeze kwa kidole. Likimeguka, ni vizuri. Likibaki gumu, ongeza mbolea na mchanga.

6. Mbolea

Mbolea ifanye mwenyewe. Chukua maganda ya viazi na ndizi, majani makavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, kinyesi cha kuku au cha mbuzi. Panga tabaka kwa tabaka, mwagia maji kidogo, funika kwa majani. Geuza kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu itakuwa nyeusi, itanukia kama udongo wa msituni wakati wa mvua, wala hutatambua tena ganda wala jani. Hapo imeiva. Kinyesi kibichi usikitie, maana huunguza mizizi na huleta maradhi ya tumbo.

Angalia jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kila asubuhi akina mama hufagia ua, na taka za ufagio hutupwa kwenye jalala la mbolea. Katika mitaa yetu taka hizo ni vumbi la madini. Ukizitia, umerudisha kwa mkono mmoja kile ulichokiondoa kwa mkono mwingine. Taka za ufagio zitupwe mbali, na mbolea ipangwe juu ya bati kuukuu au juu ya miti, isiguse ua. Tena, kabla ya kufagia nyunyiza maji kidogo, ili vumbi lisipande.

7. Mahali pa kuweka

Wakati wa kiangazi, tangu Mei hata Septemba, upepo wetu hutoka zaidi upande wa kusini-mashariki, nao huleta vumbi. Na katika miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini. Basi mahali pazuri kwa vyombo vyako ni kaskazini au kaskazini-magharibi ya nyumba. Hapo ukuta hukinga upepo, na jua hufika. Mboga za matunda zataka jua la saa sita au zaidi kwa siku. Mboga za majani huridhika na saa nne au tano.

Ikiwa barabara ya malori ipo upande uleule, uifuate hali ya nyumba yako: weka vyombo mahali nyumba inapokaa kati yake na barabara. Ukuta wa matete au ua wa nyasi ndefu husaidia pia. Uzuri wa chombo ni huu, kwamba kinahamishika. Shamba halihami.

8. Mboga gani, chombo gani

Kwa kihori cha shibiri moja: lengalenga, ngaingai, kabichi ya Kichina, vitunguu vya majani.

Kwa ndoo ya lita 10 hata 15: pilipili, bilinganya.

Kwa ndoo ya lita 20: nyanya, mche mmoja, wenye kijiti cha kuushika.

Kwa gunia: matembele na viazi vitamu. Majani huchumwa tangu mwezi wa pili, usiyamalize yote.

Sombe usiipande ndani ya ndoo. Muhogo ni mti, nao wataka ardhi.

Sasa tazama namna ya kupata lengalenga kila wiki. Tayarisha vihori sita. Wiki ya kwanza panda mbegu katika kihori cha kwanza, wiki ya pili katika cha pili, hivyo hivyo hata cha sita. Mbegu ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu, uzinyunyize, uzifunike kwa udongo mwembamba. Miche ikifika urefu wa kidole, ng'oa iliyosongamana. Katika wiki ya sita kihori cha kwanza huwa tayari. Siku unayokivuna, ongeza mbolea konzi mbili na upande tena. Hivyo mzunguko hauishi. Mwezi wa Juni na Julai baridi huchelewesha; ngojea wiki mbili zaidi.

Ukipenda, using'oe lengalenga bali uikate, ukiacha kisiki cha vidole vinne juu ya udongo. Itachipua pembeni, nawe utavuna mara mbili au tatu.

9. Maji

Chombo hukauka upesi kuliko shamba. Wakati wa kiangazi mwagilia kila siku, asubuhi na mapema. Ukitaka kujua kama mmea una kiu, ingiza kidole katika udongo hata kiungo cha pili. Kukiwa kukavu, mwagilia mpaka maji yatokee chini kwenye matundu. Kukiwa na unyevu, acha. Funika udongo kwa nyasi kavu safi. Maji yatadumu, na matone ya mvua hayatarusha udongo juu ya majani.

Maji mazuri ni ya bomba au ya kisima kilicho mbali na machimbo. Maji ya kuoshea mchele na mboga yafaa. Maji ya mvua yafaa pia, lakini mvua za kwanza za Oktoba huosha vumbi la kiangazi chote kutoka juu ya bati. Yaache maji hayo yaende, ukinge yanayofuata. Maji ya kijito kinachotoka machimboni au kiwandani usitumie, hata yakiwa meupe kama kioo. Wala usidhani kuyachemsha kutasaidia. Moto huua vijidudu, hauui madini.

Vyombo visivyo na mmea vipinduliwe, mdomo chini. Chombo kilicho wazi wakati wa mvua ni nyumba ya mbu.

10. Kuvuna na kuosha

Hata bustani nzuri hupata vumbi kidogo. Osha majani kwa maji matatu: ya kwanza huondoa vumbi, ya pili huondoa lililobaki, ya tatu husuuza. Maji ya kwanza usiyarudishe katika vyombo vyako, yamwage mbali.

Lakini usidanganyike. Kuosha huondoa kilicho juu ya jani tu. Kilichoingia kwa mizizi hakitoki kwa maji wala kwa moto. Ndiyo maana tumehangaika na chombo, na udongo, na maji, kabla ya kutia mbegu.

11. Neno la mwisho

Bustani ya vyombo haitamaliza vumbi la Kolwezi. Kazi hiyo ni ya wenye machimbo na ya serikali, nasi tuna haki ya kuwakumbusha. Wala haitashibisha nyumba nzima. Lakini mtoto mdogo hali gunia. Anakula konzi moja ya majani, mchana na jioni. Konzi hiyo ikiwa safi, kila siku, kwa mwaka mzima, umeuondolea mwili wake mzigo ambao hakuna daktari awezaye kuutoa kwa urahisi. Anza na vyombo viwili wiki hii. Ukiona kazi inakwenda, ongeza vinne.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kilima cha shaba hakina miti?
2. Taja mambo matatu ambayo lazima yawe mazuri katika bustani ya vyombo.
3. Jirani anakuletea pipa la buluu, safi, lisilo na harufu, asilojua lilikotoka. Utamwambiaje?
4. Kwa nini taka za ufagio zisitiwe katika mbolea?
5. Nyumba yako ina barabara ya malori upande wa kaskazini. Utaweka vyombo vyako wapi, na kwa nini?
6. Mama mmoja anachemsha maji ya kijito cha machimbo kabla ya kumwagilia nyanya. Je, amefanya vema? Eleza.

Kazi ya mikono: Zunguka nyumba yako leo pamoja na watoto. Pangeni vyombo vikuukuu mafungu mawili: tunavyovijua, na tusivyovijua. Fungu la kwanza lioshwe. Fungu la pili lisiguse chakula.